Mkono Kando ya Ziwa

Jumamosi, tarehe 6 Septemba. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia hata kwenye kopo la sukari. Mlima Kenya ulionekana kidogo wakati watu wanaenda kuteka maji, na theluji yake ile iliyobaki kama chumvi ya kulambisha mbuzi, kisha ukapotea. Mabati yamepiga kelele mchana kutwa.

Naandika kwa sababu wiki hii nimeulizwa jambo ambalo mtu aliyeishia darasa la nane kama mimi hafai kuulizwa, na nikajibu. Sijui kama nilijibu vizuri. Nikiandika labda nitaona.

Sisi tuna duka la picha hapa Isiolo. Mume wangu anapiga harusi na mikutano, anazunguka na kamera mpaka Merti. Mimi nakaa dukani na picha za pasipoti na mapazia. Mapazia ni vile vitambaa vikubwa vinavyoning'inizwa nyuma ya mtu, vimechapishwa mandhari ya Ulaya, ili mtu akipigwa picha aonekane amefika huko. Tunayo manne. Kuna mnara wa chuma wa Paris, ambao vijana wa kambi ya jeshi kule Burat huwaletea wachumba wao. Kuna mji ambao barabara zake ni maji, na mashua zinapita kati ya nyumba kama pikipiki zinavyopita hapa. Kuna nyumba nyeupe juu ya bahari, zina paa za mviringo za buluu. Hizo akina mama Waturkana wa Ngaremara wanazipenda kwa sababu shanga zinatokea vizuri kwenye weupe, na nikiri kwamba picha zao ndizo nzuri kuliko zote tulizowahi kutoa.

La nne ni Ziwa. Ni kijiji kidogo kando ya maji, kanisa lenye mnara mwembamba kama kalamu, na mlima wenye theluji umesimama nyuma karibu sana, kana kwamba umekuja kusikiliza. Chini ya mlima kuna nyasi. Wachungaji wa mifugo hawaoni pazia lingine ila hilo. Mzee mmoja kutoka Merti alisimama mbele yake na fimbo yake, akakataa kugeuka nimpige picha.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hii nyasi ni ya nani?"

"Ni ya wazungu, mzee."

"Na ng'ombe iko wapi?"

"Sijui. Labda iko nyuma ya mlima."

Akaangalia tena, akainama, akachungulia kila pembe. "Hakuna ng'ombe hapa," akasema, na alikuwa na huruma ya kweli. "Maskini ya Mungu, hawa watu."

Ziwa letu lina kiraka. Siku moja nilifua lile pazia nikalianika nje, na mbuzi wa jirani akala kona ya chini. Nilishona kipande cha gunia hapo nikakipaka rangi ya buluu. Ukisimama mbali huoni. Ukikijua, huoni kitu kingine.

Kuna jambo jingine juu ya Ziwa ambalo sijawahi kumwambia mteja. Wakristo wa hapa wakifiwa huchapisha kijitabu cha mazishi, na mara nyingi picha nzuri ya marehemu ni ile aliyopigwa kwetu. Basi mimi nikienda mazishini napewa kijitabu, na juu ya jalada namwona mtu amesimama kando ya ziwa langu. Nimemwona mwalimu. Nimemwona dereva wa lori. Nimemwona mama wa duka la nafaka, ambaye hakuwahi kupita Nanyuki. Wote wamevaa vizuri, wote mkono kiunoni kama nilivyowafundisha. Mwanzoni nilijivunia. Siku hizi nikifungua duka asubuhi na pazia linasukumwasukumwa na upepo, napiga hodi kabla ya kuingia. Mume wangu hunicheka.

"Umewakuta?" huniuliza.

Nasema sijawakuta. Lakini nimeanza kufikiri, na najua si mafundisho ya kanisa letu, kwamba huko ndiko wanakokwenda.

Nimeeleza haya ili nisijipendelee. Jumatatu nilipoletewa ile picha, mimi tayari nilikuwa mtu ambaye akimwona mtu kando ya Ziwa, anafikiri amekufa.

Aliyekuja ni mama Mborana anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Nilikuwa namfahamu kwa maziwa, si kwa mengine. Alikuja na shemeji yake, ndugu ya marehemu mume wake, mzee mrefu anayetembea polepole.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Karibuni, mketi."

Mama hakuketi. Mzee akatoa simu.

"Mama watoto," akaniambia, "tumekuja kwako kwa sababu hii ziwa ni yako."

Habari yenyewe ilikuwa hivi, na nimejaribu kuiweka kama alivyoiweka yeye. Mtoto wa kwanza wa huyu mama aliondoka kupitia Moyale, akitafuta Ulaya kwa njia ya jangwani. Alipiga simu akiwa Libya. Halafu kimya. Kijana mwingine wa hapa, aliyekuwa naye huko, alirudishwa, akasema alimwona akipanda mashua, na kwamba ile mashua ilisikika imezama. Nyumba ikaanza kulia. Halafu mwaka jana picha ikaingia kwenye simu ya mzee, kutoka laini ya nje, bila neno hata moja: ni yule kijana, amesimama kando ya ziwa chini ya mlima wa theluji. Tangu hapo laini haishiki.

Mama akasema mwanawe amevuka. Soko likasema hilo ni pazia la duka la picha.

Mzee akaniwekea simu mezani nikatazama. Ilikuwa Ziwa. Mlima ni ule, kanisa ni lile. Kijana amevaa jaketi nzito, uso umekonda. Mkono mmoja uko mfukoni. Ule mwingine ameunyoosha pembeni, chini kidogo, vidole vimelegea kama mtu aliyeweka mkono juu ya kitu. Na chini ya mkono hakuna kitu.

Nikaisogeza simu karibu na macho.

Mama akafungua leso yake akatoa picha nyingine, yetu, tuliyoipaka plastiki zamani kijana alipomaliza kidato cha nne. Ndani yake mama ameketi kwenye kiti chetu cha plastiki, kijana amesimama kando, mkono juu ya bega lake. Nyuma yao, Ziwa.

"Watu wanasema mtu alichukua hii," mzee akasema, "akamfuta mama, akasahau mkono. Labda alitaka kumtuliza, labda alitaka kumcheza. Mimi sijui mashini. Lakini huyu mama hafungi mlango usiku. Haendi harusi ya mtu. Hajipaki hata manukato. Si mfiwa, si mtu wa furaha. Kama hiyo picha ni ya uwongo, basi kijana yetu aliishia kwenye maji, na Ijumaa tutamswalia msikitini, hata kama mwili haupo. Sheikh amekubali. Kondoo ya sadaka nimeshataja mbele ya watu. Wewe sema tu. Kama ni pazia, sema ni pazia."

Nataka iandikwe kwamba huyu mzee hakuwa mtu mbaya. Wako watu sokoni wanaosema alitaka yaishe haraka. Mimi nilimwona jinsi alivyoshika ile simu, kwa mikono miwili.

Nikamgeukia mama. "Wewe unasemaje, mama?"

"Sema ukweli," akasema. "Lakini angalia kwanza. Usiseme kama watu wa soko, wanaangalia na masikio."

Niliomba nipewe mpaka Jumatano. Mzee akanitumia picha kwa simu. Mama akaniachia ile ya plastiki, akaishikilia kidogo kabla hajaiachia.

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha. Yeye anajua kurekebisha picha kwenye kompyuta, amewahi hata kumwondoa shemeji wa mtu kwenye picha ya harusi baada ya ugomvi. Aliangalia mara moja tu.

"Wamemfuta mama," akasema. "Kazi ya mtoto. Ona wamesahau mkono."

Nilitaka kukubali. Ingekuwa rahisi, na yeye ndiye fundi. Lakini ule mkono ulikuwa unanisumbua. Niliweka picha mbili pamoja mezani nikazifungulia mlango zipate mwanga. Kwenye picha ya zamani kidole gumba hakionekani, kiko nyuma ya bega la mama. Kwenye picha mpya kidole gumba kipo. Mkono mzima upo, kiganja kimetazama chini.

"Mtu akimfuta mama," nikamwuliza mume wangu, "atatoa wapi kidole gumba ambacho kamera haikukiona?"

Akaisogeza picha karibu. "Siku hizi mashine inaweza kutengeneza kidole," akasema. "Inaweza kutengeneza hata mtu mzima."

Hiyo ni kweli na nimeiandika, kwa sababu ni kweli.

Jumanne wateja walikuwa wachache, nikatafuta kwenye simu. Sikujua niandike nini. Niliandika ziwa, kanisa, mlima, theluji, Ulaya, kwa Kiingereza changu. Ukaja ukurasa wa wasafiri, wa kuwaelekeza watu wanaopenda kupiga picha ni wapi Ulaya waende. Nikausoma polepole. Mnara wetu ulikuwemo. Mji wetu wa maji ulikuwemo. Nyumba zetu nyeupe zilikuwemo. Na chini yao, Ziwa.

Sijui nieleze vipi jinsi nilivyosikia. Miaka yote hii nilidhani Ziwa ni mchoro, kwamba kuna mtu kiwandani aliyechukua mlima huku na kanisa kule akaviweka pamoja. Aliyetuuzia Nairobi alisema ni Uswisi, lakini ni jina tu, kama vile wanavyoita kiatu cha Italia. Kumbe pako. Pako Austria, na watu wanalala huko, na wanaamka. Ukurasa ulisema uende asubuhi mapema kabla watu hawajajaa, usimame pale njia inapopinda, penye ukingo wa mbao. Kulikuwa na picha nyingi za wageni, na wote walikuwa wamesimama hapo hapo, kando ya ukingo.

Nikarudi kwa picha ya kijana. Ukingo wa mbao upo, nyuma ya magoti yake, umelowa. Kwenye pazia letu hakuna ukingo. Kitambaa kinaishia majini. Na kivuli chake ni kirefu, kimelala juu ya mawe, kimepanda ukingo kikavunjika. Dukani kwetu kivuli cha mtu hupanda ukutani juu ya mlima. Ni aibu ya siku zote, tumeshindwa kuiondoa.

Nilisoma ukurasa ule mpaka mteja akanigongea meza. Wale marehemu wangu wote walikuwa wamesimama mahali ambapo pako kweli. Kwa nini hilo liliniogopesha zaidi, badala ya kunituliza, mpaka sasa sijui.

Jumatano walikuja asubuhi, mama akitoka sokoni moja kwa moja, na madumu yake ya maziwa na kigoda chake kidogo cha kukalia. Mume wangu alikuwepo, nilimwomba abaki, kwa sababu sikutaka niseme upande wangu peke yangu.

Nikawaambia yote. Kwamba si pazia letu, nikawaonyesha kiraka ambacho kwenye picha hakipo, nikawaonyesha ukingo, kivuli, kidole gumba. Kwamba mahali hapo pako. Halafu nikasema, "Lakini mume wangu anasema, na yeye anajua kuliko mimi, kwamba mtu anaweza kuchukua picha ya kweli ya huko akamweka kijana ndani kwa mashine. Mimi naona ni yeye. Siwezi kuapa."

Mzee akamwuliza mume wangu, "Ni hivyo?"

"Ni hivyo, mzee. Inawezekana. Sisemi imefanyika."

Mzee akavuta pumzi. Akaangalia kile kiti cha plastiki, kile kile cha zamani, kilikuwa bado kiko mbele ya Ziwa. "Shemeji, keti," akasema.

Mama akaketi. Mzee akasimama kando yake. Yeye na kijana walikuwa na urefu mmoja, mama alisema hivyo baadaye, ni urefu wa ukoo. Akamwambia mume wangu ainue simu mbele yake ili aone picha, akanyoosha mkono kama kijana alivyonyoosha, chini kidogo, vidole vimelegea. Mkono haukufika begani. Uliishia chini ya bega, kwenye kiwiko cha mama, unapapasa buibui.

Akajaribu tena. Ukaishia hapo hapo.

"Haiingii," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka sana. "Umeona mwenyewe. Kama ni wewe alikuwa anakumbuka, angeweka mkono juu. Hii ni mkono tu. Si ya mtu yeyote."

Nami, Mungu anisamehe, nilifikiri: basi imeisha. Nilishaanza kutafuta maneno ya pole.

Mama akainuka. Akakisukuma kiti cha plastiki kwa mguu, hata bila hasira. Akachukua kigoda chake cha sokoni, akakiweka mahali pale pale mbele ya Ziwa, akaketi, magoti yakapanda juu, akawa mdogo kabisa kama anavyokuwa sokoni unapomwona tu kitambaa cha kichwa nyuma ya madumu.

"Kwa kiti nilikaa siku moja," akasema. "Siku ya picha. Huyu mtoto alikuwa ananiaga kila asubuhi, mkono begani, akienda shule. Mimi niko wapi asubuhi? Niko chini na maziwa. Leta mkono."

Mzee hakusogea.

"Leta mkono, baba mdogo wake. Wacha kuogopa."

Akanyoosha mkono. Haukuhitaji kutafuta. Uliteremka ukakaa juu ya bega kama mlango unavyokaa kwenye fremu yake, na vidole vikalegea vyenyewe, kama kwenye picha.

Mzee alibaki ameshika bega la shemeji yake, na huyo ni mtu ambaye hata kumpa mkono hampi, kwa heshima. Machozi yalimtoka akayaacha.

"Alivuka bahari," akasema mwishowe. "Wallahi, huyu mtoto alivuka."

"Si nilisema?" mama akajibu. "Mashini gani inajua kigoda yangu?"

Mume wangu akamrudishia mzee simu.

Mzee akafuta uso kwa kitambaa cha bega. "Ijumaa hakuna swala," akasema. "Nitaongea na sheikh mwenyewe."

Mimi nilitakiwa nifurahi, na nilifurahi. Lakini kwa sababu nimeanza kusema ukweli niumalize: picha ni ya mwaka jana. Inasema alifika, alisimama, alimkumbuka mama yake asubuhi moja kwenye baridi, akamwachia nafasi. Haisemi aliposhuka pale ukingoni alikwenda wapi. Nilitaka kulisema hilo. Nikamwangalia mama nikaona analijua. Alilijua kabla yangu. Alikuwa bado ameketi kwenye kigoda.

"Sasa nipige," akaniambia.

Mzee akasogea ili atoke. Mama akajipanga vizuri, akaacha nafasi upande wake wa kulia, nafasi ya mtu mmoja. Nikachukua kamera. Kwenye kioo cha kamera niliona kona ya chini, kile kiraka changu cha gunia kimetokeza, nikamwambia asogee kidogo nikifiche.

"Wacha kiraka," akasema. "Ataona kiraka, atajua ni nyumbani."

Nikapiga. Nimepiga watu wengi mbele ya lile pazia na sijawahi kumpiga mtu aliyeangalia kando. Yeye hakuangalia kamera. Aliangalia ile nafasi, juu kidogo, pale ambapo uso ungekuwa.

Mzee akaituma picha kwa ile laini ya nje. Tiki moja. Imetumwa, haijapokelewa. Tukasubiri tukinywa chai. Tiki moja. Mama akasema haidhuru, labda huko bado watu wamelala, akabeba madumu yake akarudi sokoni.

Jana Ijumaa hapakuwa na swala ya maiti. Lakini kondoo alikuwa ameshatajwa kuwa sadaka, na kwao mnyama aliyetajwa mbele ya watu harudishwi zizini. Wakamchinja leo. Wengine wanasema ni shukrani. Wengine, na nimewasikia hapa mlangoni kwangu, wanasema wazee wamechinja tu kimya kimya sadaka ya maiti waliyotaka kuchinja. Mama mwenyewe nilipomwuliza alisema, "Ni ya mtoto yangu," akaishia hapo.

Jioni akaniletea fungu letu la nyama limefungwa kwenye karatasi. Nilimwuliza kuhusu ile tiki. Akatikisa kichwa, akaniambia nifunge mlango vizuri, vumbi ni mbaya kwa mapazia. Sikumwuliza kama yeye amefunga wake.

Mume wangu aliitazama ile nyama mezani kabla sijaiweka jikoni. "Hii ni ya matanga ama ni ya shukrani?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Nikasema aombee chakula vile anavyoona, nitaitikia amina kwa lolote. Akaomba kifupi. Tulikula ugali, sukuma na nyama ya kondoo, na watoto wakagombania mfupa.